Shajara ya sanduku la Mukuba: kumtandikia nyoka nini

Mei, wiki ya mwisho

Sanduku limekwisha, limebaki tandiko la chini tu. Ni sanduku la plastiki ngumu, urefu sentimita 80 na upana 50, mfuniko wake wa kubana. Matundu ya hewa nimeyatoboa pande mbili kwa ncha ya msumari uliopashwa moto. Kwa nje, upande wa chini wa theluthi moja ya sakafu, nimebandika mkeka wa umeme wa kutoa joto, umeunganishwa na thamostati, kifaa kinachodhibiti joto. Ndani kuna vibanda viwili vya kujifichia, kimoja upande wa joto na kingine upande wa baridi, na bakuli zito la udongo la maji ambalo nyoka hawezi kulipindua.

Mpangaji ni Mukuba, jike wa jamii ya Boaedon, wale nyoka wa rangi ya kahawia wanaosogelea nyumba za watu kwa sababu wanafuata panya. Waashi walimkuta kwenye rundo la matofali huku kwetu Kampemba, mjini Lubumbashi, Katanga, Kongo, wakawa wameshainua chepeo. Ukimweka juani, mgongo wake unang'aa kama shaba iliyosuguliwa, ndipo wadogo zangu wakampa jina hilo la Mukuba, yaani shaba. Hana sumu. Jike wa aina yake akikomaa hufika kama mita moja, akakaa hapo.

Wanaoniuliza kwa nini sikutafuta chatu: chatu wa Afrika wamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe wa porini, na huyu wa Katanga akikomaa anapita mita tatu. Mimi nina chumba kimoja.

Tahadhari moja kabla hatujaendelea, maana najua kuna atakayesoma hapa kisha akanyoosha mkono kwenye matofali. Huku kwetu kuna nyoka wa chini ya ardhi wa jamii ya Atractaspis, mweusi au kahawia iliyoiva, macho madogo sana, na meno yake ya sumu hutokea pembeni hata mdomo ukiwa umefumbwa. Ukimshika nyuma ya kichwa kama watu wanavyofundishana, anakuchoma vilevile. Boaedon ana macho makubwa yenye mboni ya kusimama, na mistari miwili ya rangi ya maziwa kila upande wa kichwa, mmoja ukipita kwenye jicho. Hata hivyo sikumshika mpaka rafiki anayesomea mifugo chuo kikuu alipokuja kumwangalia kwa macho yake.

Juni, mwanzo: maranda

Karibu kila ushauri wa kigeni unasema tumia maranda ya mti uitwao aspen. Lubumbashi huo mti hakuna. Tunayo maranda mengine, gunia kwa gunia, kila penye seremala, na wafuga kuku wanayachukua kila siku. Kwa hiyo nikaanzia hapo.

Nilimkuta mzee wa karakana akipiga randa ubao wa mlango.

"Papa, haya maranda ni ya mti gani?"

"Ya miti yote, mwanangu. Kuko ya paini, kuko ya kalitusi, ile nyekundu ni mukula. Unafuga kuku?"

"Hapana, papa. Nyoka."

Randa ikasimama. Akaniangalia kwa muda, kisha akauliza kama nyumbani wanajua. Nikamwambia wanajua. Akasema basi gunia nichukue bure, ila nisimlete huyo mtu pale.

Gunia sikulichukua, na sababu ni hilo neno lake, "ya miti yote". Paini ina utomvu na mafuta yenye harufu kali. Seda nayo ni vilevile au zaidi, ndiyo maana hata wenye viwanda vya mbao duniani wanaijua kwa pumu. Paini iliyokaushwa kwenye tanuru hupoteza sehemu kubwa ya hayo mafuta, lakini ya kwetu inapasuliwa mbichi na kuanikwa juani. Kalitusi haihitaji maelezo, kila mtoto wa hapa amefukizwa majani yake akiwa na mafua. Hiyo sineoli inayofungua pua ya mtu kwa dakika kumi, nyoka angeivuta usiku na mchana. Mukula, mti mwekundu uliokatwa ovyo hapa Katanga kwa ajili ya soko la China mpaka nao ukaingizwa CITES mwaka 2019, unatoa unga mwembamba unaopaka rangi kila unachogusa. Na katikati ya hayo yote kuna mabaki ya tripleksi (plaiwudi) yenye gundi, na mbao za paa zilizopakwa dawa ya mchwa.

Kwa kuku wa nyama anayeuzwa baada ya wiki sita, huenda hasara haionekani. Nyoka wa aina hii anaishi miaka zaidi ya kumi, pua ikiwa chini muda wote. Pafu lake linalofanya kazi ni moja, la kulia. La kushoto ni dogo mno. Hana kiwambo kifuani, kwa hiyo hawezi kukohoa kwa nguvu kama sisi. Vumbi au makohozi yakiingia yanakaa. Na kila akitoa ulimi anaokota chembe za sakafuni na kuzipeleka kwenye kiungo cha kunusia kilichoko kwenye kaakaa. Kwake yeye tandiko ni hewa anayovuta na ni habari anayosoma, kabla halijawa kitanda.

Seremala anayepasua mti mmoja tu, usio na harufu, akakuwekea kando maranda yake safi bila unga, huyo anafaa. Bado namtafuta. Maranda ya mchanganyiko siyataki hata kwa bure.

Juni, katikati: udongo

Hapa ndipo nimetumia muda mwingi kuliko pote, na sijutii.

Wazo lilikuwa zuri: chimba udongo, uchuje, uukaange kwenye bati kuua wadudu, umwage ndani. Nyoka kwao ni ardhini. Wafugaji wa siku hizi wengi wanapenda tandiko la udongo lenye kina, na wana haki, maana mnyama anachimba na kujizika mwenyewe anavyotaka. Lakini hao wanaandika wakiwa kwenye miji ambayo haikujengwa juu ya kuyeyusha shaba.

Kiwanda cha kuyeyushia kilianza kazi mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji kuanzishwa. Upepo wa hapa sehemu kubwa ya mwaka unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi wake ulishuka miaka nenda miaka rudi upande wa kaskazini-magharibi. Mtaa wa Penga-Penga uko kwenye njia hiyo. Aliyepita pale anajua zile sehemu ambazo ardhi iko wazi na majani hayashiki. Watafiti wa chuo kikuu chetu walijaribu kuotesha nyasi za asili pale kwa kuchanganya udongo na chokaa na mboji, ili angalau vumbi litulie. Udongo una shaba, kobalti, risasi, kadimiamu na zinki. Kuukaanga kunaua utitiri na mayai yake. Metali hizo hazifi kwa moto wa jiko.

Mimi niko Kampemba, si Penga-Penga. Lakini udongo wa uani kwetu uliletwa na lori wakati wa kujaza shimo, na hakuna anayekumbuka lori lilitoka wapi. Mtaani kwetu pia kuna vijana walioosha mawe ya madini kwenye mabeseni miaka iliyopita. Nikauliza kwa majirani: uani kwa nani kuna udongo ambao haukuletwa? Hakuna aliyejua kwa hakika.

Mdogo wangu akaja na hoja ya kichuguu. "Yaya, udongo wa kichuguu si unatoka chini kabisa?" Hoja si mbaya. Vile vichuguu vikubwa vya mchwa Macrotermes falciger vilivyozunguka Lubumbashi, vinavyopita urefu wa nyumba, ni udongo wa mfinyanzi uliopandishwa kutoka chini, na watu wanaufyatulia matofali kila mwaka. Tulichukua ndoo ya kichuguu cha mbali, upande wa barabara ya Kipushi, nikaujaribu. Ukilowa unanata kwenye magamba. Ukikauka unakuwa jiwe. Ukiuponda unatoa vumbi laini mpaka mimi mwenyewe nikapiga chafya. Kuuchanganya na mchanga kungesaidia, lakini mchanga nao tunarudi palepale: umetoka mto gani, na juu ya huo mto kuna nini? Na barabara ya Kipushi inaelekea kwenye mgodi mwingine.

Ndoo nimemwaga kwenye maua ya mama. Udongo nimeufuta kwenye orodha mpaka nipate mahali ninapopaamini.

Juni, baadaye kidogo

Vilivyobaki nimevipitia haraka. Mchanga mtupu: unabana kwenye magamba ya tumbo, hauhifadhi unyevu, na nyoka akimeza panya aliyelowa mchanga unaingia naye tumboni. Pumba za mahindi: ni chakula, na chakula kinaota ukungu na kufuga wadudu. Magunzi ya mahindi yaliyosagwa: yanakausha ngozi, na yakimezwa yanavimba. Maganda ya mpunga yana ncha na vumbi. Zulia la plastiki la kijani nililouziwa sokoni lina nyuzi zinazochomoka kwenye kingo, na uchafu unakaa ndani ya nyuzi hata ukiliosha.

Juni, mwishoni: karatasi, kwa sababu ya utitiri

Uamuzi wa kwanza umejiamulia wenyewe. Mukuba ametoka porini, na anayetoka porini anakuja na wageni. Nilipomulika bakuli la maji kwa tochi ya simu asubuhi, chini kulikuwa na vitone vyeusi vidogo kuliko chembe ya pilipili manga iliyosagwa. Nikachovya ncha ya karatasi nyeupe, kimoja kikapanda na kutembea. Ni utitiri wa nyoka, Ophionyssus natricis. Hukaa chini ya magamba na kuzunguka macho, hunyonya damu, lakini mayai hautagi juu ya nyoka. Hutaga kwenye nyufa na kwenye tandiko, na penye joto zuri kizazi kizima hukamilika ndani ya wiki chache. Aliyetandika maranda au udongo anaufugia utitiri huo bila kujua.

Kwa hiyo ni karatasi, na karatasi nyeupe. Imprimeri (kiwanda cha uchapaji) moja ya mjini inanipa mabaki ya karatasi ambayo hayajapitishwa wino, marefu ya kutosha sakafu nzima. Gazeti nalo si sumu, wengi wanalitumia, ila wino wake unapaka tumbo na, la muhimu zaidi, juu ya maandishi meusi huoni kitone cheusi kinachotembea. Utaratibu: karatasi inatolewa yote na kuchomwa, sanduku linaoshwa kwa maji ya moto na sabuni, kona zinapitishwa kijiti cha masikio, Mukuba anakaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yasiyofika kichwani, halafu karatasi mpya. Vibanda vya ubao nimeviondoa. Sasa ni maboksi ya karatasi ngumu, yanachomwa pamoja na tandiko.

Jirani alishauri nimpake mafuta ya taa. Hapana. Ngozi ya nyoka inapitisha, na mvuke wake unaishia kwenye lile pafu moja.

Faida nyingine ya karatasi sikuifikiria mwanzoni: choo kinaonekana. Ile sehemu nyeupe kama chaki ni asidi ya uriki, ndiyo mkojo wake. Ya kahawia ndiyo choo chenyewe. Rafiki wa mifugo alitaka sampuli apime minyoo, nikamkatia kipande cha karatasi na kilichokuwa juu yake. Kwenye udongo tungekuwa tunachambua.

Julai: baridi

Kiangazi cha Lubumbashi kina mchana mzuri na usiku wa kuchoma masikio. Julai inaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mukuba anahitaji upande wa joto uwe kama nyuzi 30 na wa baridi kama 24. Umeme ukikatika naingiza chupa mbili za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa, nje ya kibanda, zisimguse.

Nimetumia baridi hii kupima jambo ambalo wauza vifaa hawalisemi: unene wa tandiko. Karatasi mbili juu ya mkeka, kipimajoto kinasoma karibu sawa juu na chini. Nikaweka kwa majaribio, nyoka akiwa kwenye beseni, tabaka la sentimita sita la majani makavu. Juu ikasoma 26, nikadhani mkeka ni dhaifu. Chini, kwenye sakafu yenyewe, ilikuwa 38 na inapanda. Tandiko zito ni blanketi: joto linafungiwa chini. Mwenye kupima juu tu ataongeza thamostati, na nyoka anayefuata joto atachimba mpaka alale juu ya plastiki inayounguza. Nyoka wengi hawakimbii joto la tumboni kama mtu angekimbia jiko. Wanalalia mpaka magamba yanaungua.

Kanuni yangu tangu leo: sensa ya thamostati inakaa pale mwili wake unapoweza kufika chini kabisa. Na nikitaka tandiko lenye kina, joto litatoka juu au ubavuni.

Majani yenyewe, kwa njia, yalikuwa mazuri. Yalitoka msituni, mbali na mji, nikayapasha kwenye oveni. Yana mahali pa kujificha na hayana vumbi. Nitayarudia utitiri ukiisha.

(Habari za mtaani zimefika mbali. Mama mmoja wa kanisani alimwambia mama yangu kwamba mwanao anafuga mamba-muntu, kile kiumbe cha majini cha hadithi, chumbani, ndiyo maana amenunua simu mpya. Mama alimjibu kwamba mamba-muntu huleta utajiri, huyu wa kwetu tunamnunulia panya.)

Agosti: ukavu, na makumbi kutoka Dar

Vitone havionekani tena kwenye bakuli wala kwenye karatasi. Naacha karatasi muda zaidi, mayai yasinidanganye.

Shida mpya ni ukavu. Hewa ya Agosti hapa inapasua midomo ya watu, sembuse ngozi inayotakiwa kutoka nzima. Macho ya Mukuba yamekuwa ya samawati yenye ukungu, dalili kwamba karibu atajivua gamba. Karatasi haishiki unyevu. Kulowesha sanduku zima si jibu: tandiko likikaa maji siku nyingi, magamba ya tumbo yanaanza kuoza na kifua kinafuata. Jibu ni kibanda kimoja tu cha unyevu. Kopo la plastiki lenye mfuniko, tundu ubavuni, ndani kitu kinachoshika maji bila kuoza.

Kitu hicho kwa wengine ni nyuzi za makumbi ya nazi. Nazi huku hazioti, lakini malori ya Dar es Salaam yanaingia kila siku kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na shemeji yangu ni dereva. Nikamwomba makumbi makavu. Akaleta nusu gunia na kicheko.

Kazi yake si ndogo. Nimeyaloweka usiku kucha, nikayaponda kwa mchi, nikachambua kwa vidole: nyuzi ndefu upande huu, zile chembe laini za kahawia upande ule. Nyuzi ndefu nimezitoa, zinaweza kujizungusha kwenye ulimi au kumezwa pamoja na panya. Chembe ndizo zinazofaa. Halafu chumvi. Makumbi ya pwani mara nyingi yamelowekwa au yamekaa kwenye maji ya bahari, na chumvi hiyo inavuta maji kutoka kwenye ngozi, kinyume kabisa cha tunachotaka. Nilisuuza, nikachukua kijiko cha maji ya mwisho, nikayakausha juu ya kitako cheusi cha sufuria. Mwanzoni kilibaki kiduara cheupe chenye ladha ya chumvi. Nikasuuza tena na tena mpaka kiduara hakikuonekana. Kisha kwenye oveni, kisha kwenye mfuko uliofungwa.

Kipimo cha unyevu ni mkono: kamua konzi kwa nguvu, lisidondoke tone, lakini ukifungua kiganja lishikamane.

Septemba, mwanzo

Gamba limetoka. Lilianzia kwenye midomo, akalisugua kwenye ukingo wa tundu la kopo na kupita nalo. Nililikuta limegeuka ndani nje, zima, na vioo vya macho, yale magamba maangavu yanayofunika macho, vyote viwili vimo. Hivyo ndivyo vya kukagua kwanza. Kimoja kikibaki jichoni kwa magamba mawili matatu mfululizo, jicho linaweza kuharibika. Ncha ya mkia nayo imetoka, maana gamba likibaki pale linakaza kama uzi na kuzuia damu.

Septemba, mwishoni: lilivyo sasa

Upande wa joto: karatasi nyeupe mbili, hakuna kingine. Upande wa baridi: majani makavu yaliyopashwa, kina cha vidole vitatu, juu ya karatasi ili nivute vyote kwa mkupuo mmoja. Katikati: kopo la makumbi, nikiongeza maji kidogo hewa ikikauka. Kula anakulia kwenye kisahani, panya akiwa amekaushwa na kushikwa kwa koleo ndefu, ili jani lisishikwe pamoja naye.

Nimechukia kitu kimoja: majani yanaficha choo, na nimeanza kunusa kabla ya kuona. Nikizidiwa narudi karatasi tupu, na Mukuba atajificha chini yake kama alivyokuwa akifanya Juni, hana malalamiko.

Yanayosubiri. Mvua zikianza, kopo lipunguziwe maji, labda liondolewe kabisa Desemba. Kipimaunyevu kitaamua, kiwango changu ni asilimia 40 hadi 60. Seremala wa mti mmoja bado hajapatikana, ingawa yule papa wa kwanza alinipigia kusema ana ubao asioujua jina, hauna harufu, nije niunuse. Nimemwambia mti usiojulikana jina siutaki, akajibu kwamba hata mimi ananifahamu kama yule wa nyoka tu. Na waya wa thamostati umeanza kuchubuka pale unapoingilia kwenye mfuniko. Huo unabadilishwa wiki hii.